Kaunta Buku Kwanza, Laptopu Baadaye: Namna ya Kusoma Elimu ya Afya ya Jamii Chuo Kikuu

Kabla hujakopa hela ya laptopu, nunua kaunta buku. Ya kwaya mbili inatosha. Chora mstari katikati ya kila ukurasa, juu mpaka chini. Kushoto andika neno la darasani kama mhadhiri alivyolitamka, kwa Kiingereza chake hichohicho. Kulia andika sentensi moja ya Kiswahili ambayo shangazi yako muuza maandazi angeielewa bila kukurudisha nyuma. Iandike jioni ileile. Ukilaza siku mbili, neno litakuwa limeshakukaa mdomoni kwa Kiingereza, na utasahau kwamba kuna watu halijawafikia.

Mimi daftari langu nililianza mwaka wa pili, nikiwa nimechelewa, na nililianza kwa sababu ya aibu ambayo nitaifikia. Nilisoma hapahapa Tanzania, shahada ya miaka mitatu, nikaingia nikiwa na miaka 27 baada ya kujitolea miaka miwili kwenye zahanati. Darasani nilikuwa ndiye dada mkubwa. Wadogo zangu waliotoka moja kwa moja kidato cha sita walikuwa na maswali. Mimi nilikuwa na majibu. Hayo majibu ndiyo yaliyoniponza.

Jina la shahada lisome kama mkataba

Afya ya jamii, afya ya umma, elimu ya afya, uhamasishaji wa afya, afya ya mazingira. Kwa mzazi anayelipa ada ni kitu kimoja. Kwa mwajiri ni vitu vitano. Chukua afya ya mazingira: hiyo ndiyo njia ya wale ambao vijijini bado tunawaita bwana afya na bibi afya. Wana sheria yao ya mwaka 2007 na baraza lao la usajili. Wewe wa elimu ya afya huingii kwenye baraza hilo kwa kuwa tu unajua kuhamasisha watu wachimbe vyoo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza machaguo, ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya kazi za afya ya miezi ya karibuni, na usome sifa za mwombaji neno kwa neno. Zinakili. Kisha piga simu ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka uulize: wahitimu wa kozi hii wanasajiliwa na baraza gani, au hawasajiliwi? Wakikujibu "ajira zipo nyingi tu", jua swali lako halijajibiwa. Rafiki yangu alikosa usaili kwa sababu cheti chake kilikuwa na neno moja ambalo tangazo halikuwa nalo. Kusoma alisoma, tena vizuri kuliko mimi.

Sifa za kuingia zimo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo usitumie cha kaka yako. Msingi wa waliotoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A kuwa 5 na E kuwa 1. Kozi nyingi za afya zinapanda juu ya hapo na zinataka Baiolojia iwemo. Mwenye stashahada ana njia yake, mimi nilipitia huko.

Hela nitaisema haraka maana hakuna siri. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 bumu, yaani hela ya mkopo wa mwanafunzi, la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo una kiburi chake. Siku linapoingia tenga nauli ya fieldi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, kabla hujanunua hata soksi.

Masomo yenyewe

Utakutana na anatomia kidogo, lishe, afya ya uzazi, sosholojia na saikolojia ya afya, mawasiliano, epidemiolojia (namna magonjwa yanavyoenea kwa watu) na takwimu. Darasani kwetu sapu, yaani mitihani ya kurudia, nyingi zilitoka kwenye hayo mawili ya mwisho. Sababu naijua: tulikariri fomula kabla ya kuelewa zinahesabu nini.

Mfano ni lile jambo la wagonjwa wapya na wagonjwa waliopo. Kwa Kiingereza ni maneno mawili, incidence na prevalence, yanayofanana sauti na yanakuchanganya mpaka chumba cha mtihani. Nilikuja kuyatenganisha nikiwa nimesimama kwenye daladala. Wagonjwa wapya ni abiria wanaopandia kituo hiki. Wagonjwa waliopo ni wote waliomo ndani ya gari, waliopandia hapa na waliopandia mwanzo wa safari. Wanaoshuka ni waliopona au waliofariki. Sasa chukua VVU. Dawa za kufubaza zikifanya kazi vizuri, watu hawafi, yaani abiria hawashuki. Gari linaweza kuendelea kujaa hata kama wanaopanda kila kituo wanapungua. Ukiona idadi ya wanaoishi na VVU imeongezeka usikimbilie kuandika kwamba elimu imeshindwa. Uliza kwanza nani anapanda na nani ameacha kushuka.

Halafu kuna nadharia. Wanafunzi wanazichukia, wanazitafutia kifupi cha herufi tatu na kuzimwaga kwenye mtihani. Usifanye hivyo; tafuta kila nadharia ilizaliwa na shida gani. Ile ya imani kuhusu afya, ambayo utaisikia mpaka uichoke, ilianza Marekani miaka ya 1950. Wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma, kina Hochbaum na Rosenstock, walikuwa wanahangaika na jambo moja: huduma ya kupiga picha ya eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu ipo, ni bure, gari linafuata watu mtaani, na bado watu hawaji. Kwa nini? Wakaanza kuwauliza. Je, unaona nawe unaweza kuupata? Unaona ukiupata utakuumiza kiasi gani? Unaona picha itakusaidia nini? Nini kinakuzuia? Nani au nini kitakusukuma leo na si kesho? Baadaye likaongezwa la sita: unajiona unaweza? Hiyo ndiyo nadharia yote. Ukiisoma kama maswali unaweza kuibeba kijijini mfukoni. Ukiisoma kama mchoro wa visanduku, itabaki kwenye visanduku.

Sasa aibu yangu

Fieldi ya mwaka wa pili nilipangiwa kijiji cha wavuvi pwani ya Tanga. Ulikuwa msimu wa kumeza dawa za matende na mabusha. Kazi hii hapa nchini ilianza Mafia mwaka 2000, ikasambaa mikoa mingine: jamii nzima inapewa ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka. Nikapewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe. Nikasimama na kanga yangu kiunoni nikatangaza kwamba zimekuja dawa za kutokomeza mabusha, kila mtu ameze.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema: "Binti, mimi nimemeza, nimemeza tena, mwaka wa nne huu. Hili mbona lipo?" Akajipigapiga juu ya msuli aliojifunga kiunoni. Watu wakacheka, naye akacheka, ila macho yake hayakucheka. Nikamjibu: "Endelea tu kumeza, mzee wangu." Watu wakaondoka mmoja mmoja, vijana ndio wa kwanza.

Jioni tabibu wa zahanati alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mtihani na kupata B. Dawa zinaua vidudu vichanga vilivyomo kwenye damu, ili mbu akimuuma mtu asipate cha kumpelekea jirani. Busha ambalo limeshajaa haliondoki kwa vidonge. Linaondolewa kwa upasuaji, na upasuaji wake si mkubwa. Mzee yule alikuwa na haki ya kuambiwa hivyo miaka minne iliyopita. Na wale vijana waliondoka kwa hesabu rahisi: kama ni dawa ya mabusha, mimi sina busha, nimeze ya nini?

Usiku ule nikaandika mstari wa kwanza wa daftari. Kushoto jina refu la ugawaji wa dawa kwa umma. Kulia: "Dawa tunazomeza sote, mzima na mgonjwa, ili mbu akose cha kubeba. Mwenye busha tayari aende akapasuliwe." Ilinichukua sentensi mbili, na nilizijaribu asubuhi kwa mama aliyenipangisha chumba. Akaniuliza: "Kwani si madafu?" Pwani utaambiwa sana kwamba busha linaletwa na kunywa madafu kupita kiasi. Nikaongeza neno "mbu" kwa herufi kubwa.

Hapo nina ombi. Usiandike "imani potofu" upande wa kulia. Ripoti nyingi za wanafunzi zimejaa maneno hayo, na kila yalipo ujue mwandishi aliacha kuuliza. Tazama degedege. Kushoto utaandika neno la Kiingereza la mtoto kukakamaa na kutetemeka kwa homa kali, ambayo mara nyingi huku kwetu ni malaria. Lakini kwa bibi wa kijijini degedege si malaria hata kidogo. Malaria ni homa ya hospitali. Degedege lina mganga wake, na zamani alisikia mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anafariki. Si ajabu alisikia: mtoto aliyefikishwa amechelewa anaweza kufia mkononi mwa muuguzi, na sindano ndiyo iliyoonekana. Ukimwambia bibi huyo "malaria huua, wahi kituo cha afya", ataitikia kwa moyo safi na kesho atampeleka mjukuu kwa mganga, maana hujamtajia degedege. Neno ulilokuja nalo na neno alilonalo yeye hayajakutana. Kazi ya shahada hii, kwa maoni yangu, ni kuyakutanisha.

Fieldi: mihuri, bamvua na choo

Barua ya chuo itoe nakala zisizopungua sita. Utaanzia halmashauri, kwa mkurugenzi na mganga mkuu wa wilaya, ushuke kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata moja kwa kuwa umefahamiana na mtu. Kila mmoja anataka kuiona barua na kuipiga muhuri, na siku ya kwanza mtendaji wetu hakuwa na wino. Tulikaa saa mbili tukingoja uletwe wa shule. Sikuyaona ni masaa ya bure: ndipo nilipojua ni kitongoji gani kilipoteza watu kwa kipindupindu na kwa nini hakielewani na kitongoji cha juu kuhusu kisima.

Uliza ratiba ya watu kabla ya kupanga yako. Mimi nilipanga mahojiano na kina mama siku za bamvua, nikakuta milango imefungwa kijiji kizima. Maji ya bahari yakitoka sana wanawake wako miambani wanatafuta pweza. Ningeuliza mtoto yeyote angeniambia. Bara kwenu itakuwa gulio, palizi au siku ya kliniki. Kila mahali pana bamvua yake.

Piga hodi mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Shikamoo itangulie kalamu.

Kuhusu maswali, acha nikuoneshe dodoso langu lilivyonidanganya. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, kaya yako ina choo?" Siku mbili mfululizo nilipata "ndiyo" kila nyumba. Siku ya tatu, kwa shida zangu mwenyewe, nikamwomba mama mmoja nikajisaidie. Akatazamana na binti yake, kisha akanipeleka kwa jirani nyumba ya tatu. Tangu hapo nikawa naomba kujisaidia. Na swali nikaligeuza: "Mtoto wenu mdogo kabisa, jana alipata choo wapi? Mkakitupa wapi?" Majibu yakaanza kufanana na kijiji nilichokiona.

Swali jingine: "Mtoto ameharisha ndani ya wiki mbili zilizopita?" Mama akajibu hapana, huku anamnawisha mtoto aliyeharisha sasa hivi. Nikamtazama. "Huyu anaota meno," akasema. Hakunidanganya. Kwake kuharisha ni ugonjwa, na kuota meno si ugonjwa. Dodoso sahihi likawa: "Amepata choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku moja, kwa sababu yoyote ile?" Mara tatu ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani, maneno "kwa sababu yoyote ile" ni ya yule mama.

Ukipewa kazi ya kusaidia ugawaji wa dawa mashuleni, ongea na wazazi kabla dawa hazijafika. Mwaka 2008 mkoani Morogoro dawa za kichocho na minyoo zilizua vurugu: watoto walijisikia vibaya, uvumi ukaenea kwamba wanauawa, wazazi wakavamia shule. Dawa ilikuwa halali. Lakini dawa ya kichocho inaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, hasa tumbo likiwa tupu, na mzazi ambaye hakuambiwa anaona mwanawe anatapika na mtu asiyemjua amesimama na kopo la vidonge. Wewe ungefanya nini? Sema madhara madogo mapema, kwa sauti, na uhakikishe watoto wamekula.

Na ukisimamia kikao usihubiri. Wazee wetu waliojifunza kwenye kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 wanakumbuka jinsi ilivyokuwa: kikundi kinakaa kuzunguka redio moja, kinasikiliza kipindi, kinasoma kijitabu, kinabishana, kisha kinaamua kitu kimoja cha kufanya wiki hiyo. Walishiriki watu wapatao milioni 2 nchi nzima, wakati huo simu ya mkononi haijaota hata ndotoni. Mimi naiga: dakika kumi zangu, nusu saa yao, na hatutawanyiki mpaka wameamua kitu kimoja. Azima viti shuleni, mikeka msikitini. Wanawake watenge, mbele ya wakwe zao hutasikia kitu.

Utafiti wa mwaka wa mwisho

Fungua ripoti za waliotangulia kwenye maktaba ya chuo utakutana na namba 384, idadi ya watu wa kuhoji, mpaka uiote. Haikutoka mbinguni. Ni 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Maana yake: sijui ni watu wangapi wana jambo hili, kwa hiyo nakisia nusu, na nakubali kukosea asilimia 5 huku au kule. Ukiweza kusema hivyo kwa msimamizi bila kutazama karatasi, ataacha kukusumbua. Kama kijiji chako kina kaya 150, kung'ang'ania 384 ni kichekesho. Kuna marekebisho ya idadi ndogo, yatafute. Mimi niliishia kaya 112.

Mada iwe ndogo kuliko unavyotaka. "Uelewa wa jamii kuhusu usafi" ni mada ya kukuchelewesha mwaka. "Kinyesi cha watoto chini ya miaka mitatu kinatupwa wapi katika vitongoji viwili" utaimaliza. Kibali cha kamati ya maadili kiombe mapema mno, hata ukionekana una kiherehere. Dodoso litafsiri kwa Kiswahili wewe, kisha mpe mtu ambaye hajaliona alirudishe kwenye Kiingereza. Palipogeuka ndipo palipokuwa na ubovu. Jaribu kwa watu kumi wa kijiji kingine. Data tuliingiza kwenye simu kwa programu ya KoboToolbox, hakuna karatasi ya kulowana mvuani, lakini beba pawabanki mbili.

Ukimaliza, rudi. Nauli ya kurudi iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana mwisho hutaipata. Mrejesho wangu ulikuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, herufi kubwa, niliousoma chini ya mwembe uleule. Mwenyekiti aliuliza maswali magumu kuliko jopo la chuo: alitaka kujua kitongoji gani kimeshindwa, nikamwambia niliahidi kutotaja, akanung'unika. Mzee wa msuli alikuwepo. Safari hii alikaa mbele, akataka kujua hospitali ya upasuaji ni ipi na mgonjwa anakwenda na nini. Nilikuwa nimeshayauliza kwa tabibu, nikamwandikia kwenye karatasi ya kaunta buku nikaichana nikampa.

Nakala moja acha ofisi ya kijiji, moja zahanati. Na viti vya shule virudishe mwenyewe, uvihesabu mbele ya mwalimu, maana mwakani atakuja mwanafunzi mwingine kuviazima.